Picha za Malisho Zitokazo Angani: Nani Azisome Kwanza

*Hotuba iliyosomwa na Idara ya Malisho na Masoko mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka wa 10 wa Chama Kikuu, Isiolo*



Tumepewa robo saa, na robo saa katika mkutano huu twajua si nyingi, kwa kuwa nyuma yetu zaja hesabu za fedha, na nyuma ya hesabu chaja chakula. Kwa hiyo hatutasimulia historia ya Chama chetu. Wengine wameiandika vizuri katika kijitabu kitakachogawiwa leo. Sisi tutasema juu ya jambo moja tu, nalo ni zile picha za malisho zitokazo angani, ambazo wengi wenu mmekwisha kuziona katika simu za vijana wenu, pamoja na shauri ambalo Halmashauri yalileta mbele yenu kuhusu matumizi yake.

Hapana mtu katika ukumbi huu aliyesahau miaka ya 2020 hadi 2023. Misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, jambo lisilokuwa limeonekana kwa muda wa miaka 40 au zaidi. Nchini Kenya peke yake ilikufa mifugo zaidi ya milioni 2. Na picha hizi zilikuwapo wakati ule ule. Kila mwezi taarifa za Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame zilitoka kwa kila kaunti ya nchi kame, na ndani yake mlikuwa na ramani, rangi na namba. Basi twapaswa kujiuliza kwa nini habari iliyojulikana angani na Nairobi haikugeuka kuwa shauri lenye kufaa kisimani.

Tuanze na chombo chenyewe, maana mtu hawezi kukiamini wala kukitilia shaka kitu asichokijua. Setilaiti ni mtambo uliorushwa juu kuliko ndege yo yote, ukaachwa kuizunguka dunia kama mwezi uizungukavyo. Ile ya kwanza ya Marekani katika zile ziitwazo Landsat, zenye kazi ya kuipiga picha nchi kavu, ilirushwa Julai 1972, na tangu mwaka 2008 picha za Landsat hutolewa bure kwa ye yote azitakaye. Nyingine, iitwayo Terra, ilirushwa Desemba 1999, ikaendelea kuitazama dunia kwa zaidi ya miaka 20. Watu wa Ulaya nao walirusha zao ziitwazo Sentinel-2, ya kwanza mwaka 2015 na ya pili mwaka 2017. Mbili zikifanya kazi pamoja hurudi juu ya mahali pamoja kila siku 5. Nukta moja ya picha za Sentinel-2 ni mita 10 kwa mita 10, kiasi cha zizi la mbuzi. Nukta ya picha za Terra zilizotumika zaidi katika kazi ya malisho ni mita 250 kwa mita 250, yaani ekari 15 na zaidi zikifanywa kuwa rangi moja tu. Mkumbuke tofauti hiyo, kwa sababu mtu aweza kuonyeshwa ramani nzuri akadhani kwamba yaona kila bonde, kumbe yaona mabonde manne kwa pamoja.

Wala msidhani kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali peke yao. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ilirushwa kutoka pwani yetu wenyewe, kwenye jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. (Hiyo kazi yake ilikuwa kuchunguza nyota; nyasi haikuzitazama kabisa.) Na Aprili 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake ya kutazama ardhi, Taifa-1, kwa roketi ya Marekani huko California.

Je, hujuaje kwamba hapa pana majani na pale hapana? Jani bichi hunywa mwanga mwekundu wa jua ili kujitengenezea chakula, na hurudisha juu mwanga mwingine ambao jicho la mtu haliuoni, nao wataalamu huuita infraredi. Jani likinyauka, huuacha mwekundu mwingi urudi, na ile infraredi hupungua. Setilaiti huipima miale hiyo miwili, kisha hesabu hufanywa: chukua infraredi, toa mwekundu, ugawanye kwa jumla ya yote miwili. Ikiwa penye majani mabichi infraredi ni 40 na mwekundu ni 10, tofauti ni 30 na jumla ni 50. Jibu ni 0.6. Majani yale yale yakianza kukauka, infraredi ikashuka kuwa 30 na mwekundu ukapanda kuwa 20, tofauti ni 10 kwa jumla ile ile ya 50. Jibu ni 0.2. Hapo hapana uganga. Ni hesabu ya kutoa na kugawanya, ambayo watoto wetu huifanya shuleni.

Lakini namba moja peke yake haisemi neno, kwa kuwa kiasi kilicho neema kwa Merti kingekuwa msiba kwa Meru. Kwa hiyo mahali hulinganishwa na pale pale penyewe, mwezi ule ule, katika miaka iliyopita. Tuseme hali mbaya kabisa iliyowahi kuonekana mahali fulani ni 0.1, na nzuri kabisa ni 0.5, na leo ni 0.2. Basi tumepanda robo tu ya ngazi, nao huandika 25. Katika vipimo vya Mamlaka tuliyoitaja, chini ya 35 ni ukame wa wastani, chini ya 20 ni ukame mkali, na chini ya 10 ni ukame uliokithiri. Kwa kipimo cha ukoo huo huo bima ya mifugo ilianzishwa jirani zetu Marsabit mwezi wa Januari 2010, na malipo ya kwanza yakatoka Oktoba 2011, pasipo mtu kutembea nyikani akihesabu mizoga. Tunasema hayo ili kila mtu ajue kwamba Idara yetu haikuja hapa kuzidharau picha. Zina faida kubwa, nasi tunazitumia.

Sasa tufike penye shida. Setilaiti yapima kijani, na kijani na chakula ni vitu viwili. Kila mchungaji ajua kwamba wakati wa bona, yaani kiangazi, ng'ombe wetu hula nyasi zilizokaukia wima, zenye rangi ya manyoya ya simba. Nyasi hizo katika picha ni kahawia tu, hazitengani vyema na udongo mtupu ulio kando yake. Kijana atakayeitazama simu atasema huko hapana kitu. Mzee aliyepita huko mwezi uliopita ajua kwamba pana chakula cha miezi miwili. Kama tungeifuata picha peke yake, tungeyahama malisho yenye nyasi kavu nzuri na kuwaendesha ng'ombe siku nne kwenda kutafuta kijani.

Na kijani hicho huenda kikawa nini? Mnaujua mti wa mathenge. Uliletwa nchini kwa nia njema, ili kuzuia jangwa, na leo umezifunika sehemu nyingi za Baringo, Turkana, Garissa na Tana River, na hapa kwetu pia umekwisha kuonekana. Mizizi yake huyafuata maji ya chini, kwa hiyo hubaki kijani kiangazi chote, na kutoka angani kichaka chake huonekana bora kuliko mbuga yo yote. Chini yake nyasi hazioti. Maganda yake ni matamu, na mbuzi wakiyala sana meno huoza. Mwaka 2006 wafugaji wa Baringo walimpeleka mbuzi kibogoyo mpaka mahakamani Nairobi awe ushahidi wao. Kadhalika migunga ikitoa majani baada ya manyunyu machache, picha hufurahi, na ngamia na mbuzi hufurahi pamoja nayo, lakini ng'ombe hawezi kula kilele cha mgunga.

Habari za mawingu hatutazirefusha: siku za mvua ndizo tutakazo habari, na ndizo siku ambazo mawingu huziba. Wataalamu hukusanya picha za siku 10 au 16 na kuichagua iliyo safi, na kwa hiyo picha tuipatayo leo aghalabu ni habari za juma lililopita. Wala picha haijui kama kuna kupe. Haijui kama pampu ya Yamicha yafanya kazi, wala kama jirani mwenye malisho yale yuko radhi.

Kuna na hesabu nyingine ambayo picha haitufanyii, nayo ni ya vinywa. Ng'ombe wa kilo 250 hula kwa siku kama sehemu 2.5 kwa mia ya uzito wake, yaani kilo 6 na robo za majani yaliyohesabiwa kwa ukavu wake. Ng'ombe 100 basi hula kilo 625 kwa siku, na kwa siku 30 ni tani 19 kasoro kidogo. Tukipata mahali penye kilo 1,000 za majani kwa hekta, nasi tukala nusu na kuacha nusu ili nyasi zipate kuota tena, ng'ombe wale 100 wataka hekta 37 na nusu kwa mwezi mmoja. Wakija ng'ombe 5,000, wataka hekta 1,875. Haya, doa la kijani lionekanalo katika simu kama ukucha wa kidole, ni hekta ngapi? Na watu waliolitazama leo asubuhi wana ng'ombe wangapi?

Hapa ndipo tutakapo mtusikilize zaidi. Zamani habari ya majani ilikuwa na mahali pa kufikia. Watangulizi walitumwa, kazi ambayo Waborana huiita aburu. Walitembea, wakatazama aina ya nyasi, maji, wadudu, nyayo za wanyama wakali na moto wa wenyeji. Kisha wakarudi wakawaambia wazee, na wazee wakakaa. Ndipo likatoka neno. Sasa habari huingia katika simu elfu moja kwa dakika moja, haina mzee, haina mgeni wala mwenyeji, na kila mtu aliyeipata aogopa kutanguliwa na mwenzake. Matokeo yake tumeyaona kwa macho: makundi hufika mahali pamoja juma moja, hakuna aliyeomba ruhusa, majani yaliyowekwa yasaidie Agosti huisha Juni, na vijana waliokutana kisimani hawajuani.

Liko jambo baya zaidi, nalo halionekani mpaka mtu alifikiri. Wazee wa dedha huigawa nchi sehemu tatu: malisho ya wakati wa mvua, malisho ya kiangazi, na malisho ya akiba yasiyofunguliwa ila wakati wa ukame. Mvua ikinyesha, makundi ya fora, yaani mifugo isiyokamuliwa, hupelekwa mbali na mto na visima vya kudumu, na ng'ombe wachache wa maziwa hubaki na jamaa nyumbani, mradi nyasi za karibu na maji zipumzike. Sasa fikirini: ni mahali gani patakapoonekana kijani kuliko pote katika picha? Ni pale pasipoliwa, yaani akiba yenyewe. Kadiri wazee walivyoitunza vyema, ndivyo ramani inavyoitangaza kwa sauti kubwa zaidi. Chombo kilichonunuliwa kutuokoa katika ukame chamwonyesha kila mpitaji mlango wa ghala yetu.

Hatusemi haya kwa kuwa hapana dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, huko Garba Tula, wazee walionyeshwa picha za setilaiti ukutani, nao wakatia majina yao wenyewe juu yake: mahali pa mvua, mahali pa kiangazi, visima, njia za mifugo. Waliokuwapo husema kwamba wazee hawakuchukua muda kuitambua nchi yao iliyotazamwa kutoka juu. Na mwaka 2013 huko Afar, Ethiopia, kulifanyika majaribio ya kuziweka picha za kijani juu ya ramani za malisho zilizochorwa na wafugaji wenyewe, zikachapwa kwa karatasi na kupelekwa vijijini. Mtu akiitazama karatasi ya namna hiyo, haoni kijani kitupu. Aona kijani cha nani, na cha msimu gani.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Picha mpya itakapofika katika ofisi ya Chama Kikuu, isipelekwe katika simu za watu wote. Ipelekwe kwanza kwa kamati ya malisho ya kila dedha, ikiwa imechorwa mipaka iliyotajwa na wazee, na sehemu za akiba zikiwa zimefunikwa rangi ya kijivu mpaka wazee wenyewe waseme zifunguliwe. Kamati ichague mahali pawili au patatu pa kupelelezwa. Watangulizi waende wawili wawili, mmoja kijana ajuaye simu na pikipiki, na mwingine mtu ajuaye nyasi. Mafuta yao yalipwe na Chama Kikuu. Watazame yale ambayo angani hayaonekani, na hasa wazungumze na wenyeji. Warudipo, kamati iamue, na neno litangazwe penye visima na waangalizi wa zamu za kunywesha, kwa redio, na kwa simu pia, maana hapo simu haina madhara tena.

Katika kamati hizo twaomba kina mama wapewe viti, si kwa heshima tu. Maziwa hupungua kabla mbavu hazijaonekana, na akamuaye ndiye wa kwanza kujua kwamba malisho yamebadilika.

Tena kuna upande wa masoko. Ikiwa kipimo kitakuwa chini ya 35 miezi miwili mfululizo, na mvua za msimu zakaribia kwisha, Chama Kikuu kiite mnada mara moja, ng'ombe wangali na nyama. Hapa picha yatushinda sote kwa uzuri wake, kwa kuwa yaonyesha nchi nzima kwa pamoja, na mzee wa Kinna hawezi kujua kwa miguu yake hali ya Wajir. Wengi wetu hungoja kuuza mpaka mnyama anyanyuliwe mkia ndipo asimame, na bei ya mnyama wa namna hiyo mnaijua.

Twajua maneno yatakayosemwa. Vijana watasema kwamba kamati itachelewesha mambo siku tano. Twawajibu kwa adabu kwamba majani yasiyoweza kungoja siku tano hayawezi kulisha kundi siku 30. Wengine watasema kwamba picha ni za bure, na Chama kikizificha watu watazitafuta kwingine. Hilo ni kweli, nasi hatuna uwezo wa kuifunga mbingu. Lakini Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yaipa jamii iliyoandikishwa uwezo wa kujiwekea kanuni za matumizi ya ardhi yake. Mtu aliyeona kijani kwa simu yake ataulizwa na wazee kwa idhini ya nani aliingia, kama babu yake angalivyoulizwa. Tunachotaka ni kwamba muhuri wa Chama Kikuu usiwe juu ya ramani iliyomwongoza.

Na kwa waheshimiwa maofisa twaomba jambo moja tukiwa nanyi hapa. Mnapoona katika taarifa zenu mahali penye majani pasipo na mifugo, msifanye haraka kupeleka maboza ya maji huko. Aghalabu mahali hapo hapana mifugo kwa sababu wazee wamepafunga, na maji yakifika kabla ya wakati wake, makundi huyafuata, na akiba huisha kabla ukame wenyewe haujafika. Waulizeni kwanza wazee wa dedha; jibu hupatikana kwa siku moja.

Mheshimiwa Mwenyekiti, shauri liko mezani, nasi twaomba lipigiwe kura leo kabla ya hesabu za fedha, kwa maana gharama ya mafuta ya watangulizi imo ndani ya hesabu hizo. Likikubaliwa, kazi itaanza na mvua za Oktoba. Makatibu wa vyama vya msingi walete ofisini, kabla ya tarehe 15 Septemba, majina ya watangulizi wawili kutoka kila dedha, pamoja na majina ya malisho ya akiba yakiwa yameandikwa kama wazee wayatamkavyo, ili mchoraji wa ramani asiyakosee.